Chumvi ya chuma: Uadimu wa jiwe si bei yake

Kila mara habari zinapoenea kwamba jiwe jipya limeonekana mahali fulani Afrika Mashariki, swali la kwanza huwa ni bei. Jina la jiwe huulizwa baadaye. Suala la nani amelipima, na kwa chombo gani, aghalabu haliulizwi kabisa. Ndivyo ilivyokuwa Januari 2024, pale Waziri wa Madini wa Kenya wa wakati huo, Bw Salim Mvurya, alipotangaza kwamba koltani imepatikana katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa mojawapo. Mazungumzo yaligeukia utajiri, ilhali kuyaona madini ni jambo moja, na kujua kiasi chake na gharama ya kuyatoa ardhini ni jambo lingine.

Kenya ilikuwa imekwisha kupitia njia hiyo. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kwamba kilima cha Mrima, Kaunti ya Kwale, kina niobi na madini mengine adimu yenye thamani ya dola bilioni 62.4 za Marekani. Mwaka huo huo serikali iliifuta leseni ya kampuni hiyo. Wawekezaji walishtaki mbele ya jopo la usuluhishi la ICSID, lililo chini ya Benki ya Dunia, nao wakashindwa Oktoba 2018. Mabilioni yale yamebaki katika karatasi, na kilima kipo pale pale.

Lipo kundi moja la madini linaloonyesha chanzo cha mkanganyiko huu kwa uwazi zaidi kuliko koltani au niobi. Ni salfeti za chuma, yaani chumvi zinazotokea pale chuma, kibiriti, hewa na maji vinapokutana. Mkazi wa Kibera, au wa sehemu ile ya Kawangware iitwayo Kongo, huenda hajawahi kuziona mgodini, lakini si ngeni kwake. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki vimetengenezwa kwa miaka mingi kutokana na salfeti ya chuma. Waswahili nao wanazijua jamaa zake tangu zamani: mrututu wa buluu ni salfeti ya shaba, na shabu ya kusafishia maji ni salfeti ya alumini na potasiamu.

Viwandani, chumvi hii ni karibu takataka. Njia mojawapo ya kutengeneza rangi nyeupe kutokana na ilmenaiti, madini ambayo Kenya iliyauza nje kutoka Kwale hadi kampuni ya Base Titanium ilipofunga uchimbaji wake Desemba 2024, huacha salfeti ya chuma kwa wingi mno. Wenye viwanda hushukuru wakiwapata watengenezaji wa saruji, wa mbolea au wasafishaji wa maji wa kuichukua kwa bei ya chini.

Lakini chumvi hiyo hiyo ikijijenga yenyewe ardhini, ikawa fuwele, huingia katika orodha ya vitu adimu. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Hazen na Jesse Ausubel, walieleza kwamba kati ya aina zaidi ya 5,000 za madini zilizokuwa zimetambuliwa wakati huo, karibu nusu zinajulikana kutoka sehemu zisizozidi 5 duniani. Almasi na dhahabu hazimo katika nusu hiyo. Waliomo ni wageni wasiojulikana hata kwa majina, na sababu mojawapo ya uadimu wao ni kwamba hawadumu: huyeyuka, hukauka au hugeuka kuwa kitu kingine kabla mtu hajawaokota.

Salfeti za chuma ni mfano mwafaka. Katika jangwa la Atacama nchini Chile, ambako mvua ni tukio la nadra, aina kama kokwimbaiti, iliyopewa jina la Coquimbo, hukaa muda mrefu bila kuharibika. Kwenye miteremko ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, chumvi za namna hii hutanda juu ya mawe wakati wa kiangazi na kutoweka mvua ya kwanza inaponyesha. Uadimu wake, kwa hiyo, ni suala la hali ya hewa kama ulivyo suala la jiolojia. Anayezitafuta Rwenzori mwezi wa Aprili atarudi mikono mitupu, na si kwa sababu hazikuwapo.

Je, nani hununua? Majumba ya makumbusho, vyuo na wakusanyaji wa mawe, ambao wanachotaka ni fuwele safi, isiyovunjika, yenye maandishi ya kuaminika kuhusu mgodi ilikotoka. Soko hilo lipo, ila ni dogo, na halinunui kwa gunia. Isitoshe, melanteraiti, ile salfeti ya kijani kibichi inayofanana na vipande vya chupa, hupoteza maji yake ikiwekwa mahali pakavu na kugeuka unga mweupe. Dalali anayeamini kwamba ameficha hazina sandukuni anaweza kufungua na kukuta vumbi. Hali hii haimpunguzii mwanasayansi furaha, lakini mchimbaji hali chakula kwa furaha ya mwanasayansi.

Kuzitambua nako kuna ngazi zake. Ngazi ya kwanza haihitaji fedha. Kipande kikisuguliwa kwenye kigae kisichong'arishwa huacha mstari, na mstari huo husema ukweli kuliko rangi ya jiwe. Dhahabu huacha mstari wa dhahabu. Pairaiti, jiwe la chuma na kibiriti linalong'aa na ambalo limewaliza wengi, huacha mstari mweusi wenye ukijani. Jarosaiti, salfeti ya chuma ya manjano, huacha mstari wa manjano hafifu, lakini hukwaruzwa kwa kisu bila shida na ni nyepesi mno ikilinganishwa na dhahabu: dhahabu safi ni nzito mara 19 kuliko maji, jarosaiti mara 3 hivi. Maji pia ni kipimo, kwa kuwa melanteraiti huyeyuka na jarosaiti haiyeyuki. Kipimo kimoja tu hakifai kabisa, nacho ni ulimi. Chumvi hizi hubeba asidi, na katika baadhi ya migodi hubeba aseniki.

Ngazi ya pili ndiyo yenye mtego. Siku hizi wanunuzi wa madini hutembea na kifaa cha mkononi cha eksirei, chenye umbo la bastola, kinachotoa majibu kwa sekunde chache. Kifaa hicho hutaja elementi zilizomo, mathalani chuma au shaba na asilimia zake. Hakitaji madini. Kikielekezwa kwenye pairaiti na kikaelekezwa kwenye jarosaiti, vyote viwili vitaonekana kama chuma na kibiriti, tofauti ikiwa katika tarakimu ambazo asiye mtaalamu hawezi kuzifasiri. Hewa na maji yaliyofungwa ndani ya jiwe kifaa hakiyaoni. Ili kulipa jiwe jina lake halisi yahitajika mashine kubwa ya maabara inayosoma mpangilio wa fuwele kwa miali ya eksirei, na mtu aliyesomea kuitumia. Tarakimu za kwenye bastola si cheti cha thamani, ingawa ndivyo zinavyotumiwa.

Nairobi ina sababu ya kulijali jambo hili. Machi 2011 Rais Joseph Kabila wa Kongo alifika jijini humo kuzungumza na Rais Mwai Kibaki kuhusu dhahabu iliyosemekana kutoroshwa kutoka nchini mwake. Tangu hapo, kama ilivyokuwa kabla, mahakama za Kenya zimepokea kesi baada ya kesi za wageni waliouziwa dhahabu bandia. Neno "Kongo" peke yake limekuwa kama muhuri wa thamani: likitajwa, mnunuzi huacha kuuliza maswali ambayo angeuliza akinunua kilo ya sukari.

Hata hivyo, itakuwa makosa kudhani kwamba salfeti ya chuma haina thamani yoyote. Thamani yake ni ya kuwa ishara. Warumi walichimba udongo wa jarosaiti huko Rio Tinto, Hispania, si kwa ajili ya chuma chake bali kwa fedha iliyokuwa imenaswa ndani. Mwaka 2004 chombo cha Marekani kiitwacho Opportunity kilipoitambua jarosaiti katika sayari ya Mihiri, wataalamu walishangilia kwa sababu madini hayo hayawezi kujijenga pasipo maji. Kwa mjiolojia, ukoko wa manjano juu ya mwamba humaanisha kwamba chini yake kuna, au kulikuwa na, mawe ya kibiriti, na mawe ya kibiriti huenda yakawa na shaba, dhahabu au kobalti.

Mfano ulio karibu nasi ni Kilembe, katika Wilaya ya Kasese, jirani kabisa na mpaka wa Kongo. Shaba ilichimbwa huko kuanzia 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na reli ya kutoka Kampala ilifikishwa Kasese kwa ajili yake. Wakati shaba ikitengwa, pairaiti iliyobaki ililundikwa uwandani. Lundo lilifikia takriban tani milioni 1. Kwa miaka mingi lilionekana kama uchafu, na uchafu ulikuwa kweli: mvua iliipiga pairaiti, hewa ikaigeuza salfeti na asidi, maji ya manjano yakatiririka kuelekea Mbuga ya Queen Elizabeth na kuacha mkanda wa ardhi usioota hata jani. Mkanda huo uliteremka kuelekea Ziwa George, ardhioevu ambayo Uganda iliiandikisha chini ya mkataba wa Ramsar mwaka 1988.

Ni vipimo vilivyobadilisha hesabu. Ndani ya lundo kulikuwa na kobalti, asilimia 1 na ushei. Kampuni ya Kasese Cobalt, ambayo mgodi wa Kilembe ulikuwa na hisa ndani yake, ilianza kazi mwaka 1999 kwa kutumia bakteria wanaokula pairaiti. Kimsingi, bakteria hao hufanya ndani ya matangi, kwa siku chache, kazi ile ile ambayo mvua na hewa zilikuwa zikiifanya uwandani kwa miaka: kuigeuza pairaiti kuwa salfeti ya chuma iliyoyeyuka, na kuiachilia kobalti. Chuma kiliondolewa kwa mawe ya chokaa na kutupwa. Kobalti ikauzwa ng'ambo. Lundo liliisha, na uzalishaji ukakoma katika miaka ya 2013 na 2014.

Hapa ndipo lilipo fumbo lenyewe. Lundo moja, ndani ya miaka 40, liliwahi kuwa takataka, balaa na utajiri, bila kemia yake ya asili kubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mtu alilipima kwa umakini, teknolojia ya kulisafisha ikapatikana, na bei ya kobalti ikaruhusu. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, mali hurudi kuwa uchafu. Bei yenyewe si rafiki wa kudumu: mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000, na kufikia Februari 2025 bei ilikuwa imeporomoka kiasi kwamba Kongo, mzalishaji mkuu duniani, ilisimamisha mauzo yake ya nje. Oktoba mwaka huo ikaanza kuuza kwa mgawo.

Upande wa balaa haukuisha pamoja na lundo. Mabaki mengine ya kusaga mawe yamebaki katika bonde la Mto Nyamwamba, na mafuriko ya Mei 2013, Mei 2014 na Mei 2020 yaliyamega na kuyabeba. Chumvi za chuma zilizojikusanya wakati wa kiangazi ndizo huyeyuka kwanza, zikiachia asidi na metali nzito kwa pamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta metali zikizidi viwango salama katika baadhi ya vyanzo vya maji vya eneo hilo. Mtu anayekadiria thamani ya Kilembe bila kuingiza gharama ya maji hayo katika hesabu hajakadiria, amepiga ramli.

Kenya ina Kilembe yake ndogo. Macalder, huko Nyatike katika Kaunti ya Migori, ulikuwa mgodi wa shaba na dhahabu uliofanya kazi hadi miaka ya 1960. Mwamba wake pia ni wa kibiriti, na mabaki yake, kiasi cha tani milioni 1 na zaidi, yana dhahabu ambayo mitambo ya zamani haikuweza kuitoa. Makampuni ya kigeni yameyatamani mabaki hayo, na wachimbaji wadogo wa Nyatike hawakuwangoja. Watanzania wana neno zuri kwa mali ya namna hii, magwangala, yaani mawe ambayo mgodi mkubwa umeyatupa na maskini wameyaokota.

Shida ni kwamba katika mwamba wa kibiriti dhahabu mara nyingi haionekani kwa macho. Imefungwa ndani ya pairaiti, na zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo haiwezi kuifikia. Mchimbaji hupata sehemu ya dhahabu, hubaki na sumu, kisha huuza mchanga uliobaki kwa mwenye mtambo wa sayanidi, ambaye anajua vyema zaidi kilichomo. Muuzaji hukisia na mnunuzi hupima. Hakuna haja ya hila yoyote ili biashara ya namna hiyo imnufaishe mmoja tu.

Kusini mwa Kongo hali hiyo imekuwa mfumo kamili. Katika soko la Musompo, nje ya Kolwezi, wachimbaji wadogo wa kobalti huleta magunia ya mawe meusi ambayo hayawezi kupewa bei kwa kuangaliwa. Mnunuzi hutoa kifaa chake cha eksirei, ambacho huko hujulikana kama Metorex, kwa jina la kiwanda cha Finland, na asilimia inayosomeka ndiyo bei. Wachimbaji wamelalamika kwa miaka mingi kwamba vifaa husoma chini ya ukweli, na kwamba makato ya unyevu hupangwa na mnunuzi. Kongo iliunda shirika la umma, Entreprise Générale du Cobalt, mwaka 2019 ili lisimamie ununuzi huo. Kuunda shirika kulikuwa kazi nyepesi kuliko kuutoa mzani mikononi mwa wenye mabohari.

Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 ilitambua wachimbaji wadogo na kugawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi penye madini. Mgawo huo umejadiliwa sana bungeni na katika mikutano ya hadhara. Kilichojadiliwa kidogo ni kwamba asilimia 10 ya kitu kisichopimwa haina maana. Maabara ya serikali iko Nairobi, kwenye jumba la Madini House, eneo la Viwandani, zaidi ya kilomita 350 kutoka Nyatike. Kituo kilichojengwa Voi ni cha vito, na kinawafaa watu wa Taita Taveta. Hakimsaidii mwenye mchanga wa kibiriti.

Biashara kubwa ya metali duniani ilikwisha kupata dawa ya ugonjwa huu zamani. Shehena ya shaba inapouzwa, sampuli hugawanywa mara tatu mbele ya pande zote mbili, kisha kufungwa kwa lakiri. Muuzaji hupeleka yake kwenye maabara anayoiamini, mnunuzi vivyo hivyo, na ya tatu huwekwa kando. Majibu yakipishana kupita kiasi kilichokubaliwa, ya tatu hufunguliwa na maabara isiyo ya upande wowote, na uamuzi wake ni wa mwisho. Utaratibu huo hauhitaji sheria mpya. Wahitaji mifuko, lakiri, ofisa wa kaunti anayeaminika na ada ambayo kikundi cha wachimbaji kinaweza kuchangia kwa shehena, si kwa gunia. Kaunti ya Migori ingeweza kuuanza Macalder kwenyewe, ambako kila mtu anajua kwamba kuna kitu ndani ya mchanga na anayejua ni kiasi gani ni mnunuzi peke yake.

Uganda nayo imerudi mezani. Mkataba wa Kilembe na kampuni ya Kichina ya Tibet Hima, uliotiwa saini mwaka 2013, ulivunjwa miaka michache baadaye, na mwaka 2025 serikali iliukabidhi mgodi kwa muungano unaoongozwa na kampuni ya Sarrai. Mazungumzo ya hadharani yamekuwa juu ya shaba iliyobaki chini ya mlima. Mabaki yaliyo juu ya ardhi, yenye kobalti kidogo na ukoko wa manjano unaorudi kila kiangazi, hayana mtetezi wa namna hiyo, na Nyamwamba hauyasubiri.